Unga unaotembea: jua, moto, frigo, bidoni, au kununua kidogo kidogo?

"Mama, unga iko natembea."

Mtoto wangu wa miaka sita alikuwa amesimama juu ya kiti, kichwa ndani ya rafu, na mimi nikadhani ni hila ya kukwepa uji. Ilikuwa Novemba, mvua imepiga Bukavu, mashariki mwa Kongo, siku nne mfululizo, hata chumvi ndani ya kikopo ilikuwa imeshikana. Nikalishusha kopo la unga wa uji, ule wa soya, mtama na mahindi. Juu ulikuwa umetulia. Lakini pembeni, pale unga unapokutana na ukuta wa kopo, palikuwa na vumbi la kahawia iliyopauka, jembamba, limepanda hadi karibu na kifuniko. Nikalimulika kwa tochi ya simu. Vumbi likahama. Nikachukua kidogo, nikalisaga kati ya vidole viwili, likatoa harufu tamu ya kuchoma pua, jirani kabisa na ile ya peremende ya minti.

Mtoto alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila njia inayosemwa mjini, kwa sababu kwetu kila mtu ana yake. Mama mkwe, mtu wa Kabare, ana jivu. Shemeji ana frigo. Jirani wa nyuma ya ukuta ana vidonge. Na kila mmoja ana ushahidi wa kuonyesha, ndiyo maana mabishano hayaishi. Tulichokosea ni kupigania dawa kabla hatujakubaliana mdudu ni yupi.

Fukusi au utitiri?

Fukusi unamwona hata bila miwani. Ana pua ndefu, rangi ya kahawia inayoelekea weusi, urefu wa milimita tatu au nne, na kazi yake ni kutoboa punje ya mahindi. Kwenye maharagwe yuko mwenzake, mnene, wa kijivu, anayeacha tundu la duara safi kama la sindano kubwa. Kwenye unga yuko yule bapa mwekundu-mwekundu. Hao wote wana miguu sita, na chekeche inawakamata.

Utitiri ni ukoo mwingine. Akikomaa ana miguu minane, yuko upande wa kupe na buibui. Hana mabawa, mwili ni laini na mweupe, na urefu wake ni kama nusu milimita. Anayependa unga na nafaka wataalamu wanamwita Acarus siro. Yuko na mwingine, Tyrophagus putrescentiae, anayefuata vyakula vyenye mafuta na protini: karanga, soya, samaki mkavu, jibini. Nyumbani tunawaita wote tududu, yanatosha. Chekeche haiwasumbui, wanapita na unga. Nimeona akina mama wakichekecha mara tatu na kumshukuru Mungu: wametoa wale wa kuonekana, utitiri wamerudi nao wote kwenye sufuria.

Tofauti inayoamua kila kitu ni maji. Mahindi yaliyokauka vizuri hayamfukuzi fukusi, anakula tu. Utitiri hawezi hivyo. Hanywi, anavuta unyevu kutoka hewani, na hewa inayomzunguka ikishuka chini ya unyevu wa asilimia 65 hivi, anaanza kukauka mwenyewe. Tena anakula hata ukungu unaoota kwenye chakula chenye majimaji, kwa hiyo unyevu unamnywesha na kumlisha. Sasa fikiria mji wetu: mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa Kivu miguuni, mvua kuanzia Septemba hadi Mei, joto la nyuzi 20 hivi. Ni hoteli yake.

Kwa hiyo anayepambana na fukusi anatafuta namna ya kumnyima hewa. Anayepambana na utitiri anatafuta maji yaliingilia wapi.

Kama hujui una nani, mimina vijiko viwili vya unga kwenye sahani ya rangi nyeusi, usawazishe kwa mgongo wa kisu mpaka uwe kama meza, kisha uache dakika 15 au 20 bila kuugusa. Ukirudi ukakuta uso umekunjamana, una vilima na nyufa ndogo ndogo, basi kuna watu ndani. Sahani ikibaki laini, chakula chako kiko salama kwa leo.

Jua dhidi ya moto

Jua ni bure na ndilo la kwanza kila mtu anatafuta. Linafanya kazi mbili, kupasha na kukausha, na kwa utitiri ile ya kukausha ndiyo kubwa. Tandika shuka au turubai jeusi, tawanya unga au punje ziwe nyembamba, unene wa kidole kimoja usipite. Ukifunika kwa plastiki inayopitisha mwanga, joto linapanda zaidi, ila hiyo ni kwa kitu ambacho tayari kimekauka. Chenye majimaji ukikifunika, mvuke unarudi chini na umefanya kazi bure.

Ubaya wa jua letu unajulikana. Saa nne linachoma, saa nane mawingu yametoka upande wa Idjwi, na wewe uko sokoni. Nimewahi kukimbia kutoka Nyawera hadi nyumbani nikiangalia juu, nikakuta karanga zimelowa na kuku wa jirani yuko katikati. Kati ya Juni na Agosti jua ni njia ya kwanza. Miezi mingine ni bahati nasibu. Na mayai ya utitiri yanavumilia ukavu kuliko wazazi wao, kwa hiyo siku moja ya jua haitoshi. Rudia baada ya wiki.

Moto hauna bahati nasibu. Joto la nyuzi 60 likishikiliwa kama saa moja linaua utitiri, fukusi na mayai yao. Bila kipimajoto mimi natumia sufuria pana juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makala yanayokaribia kufa, unga kidogo kidogo, nakoroga bila kuacha, mpaka vidole haviwezi kukaa ndani na mvuke umekoma kutoka. Nashusha, nafunika, naacha na joto lake. Unga wa uji wa soya unapendeza hivyo, unapata harufu ya karanga. Unga wa muhogo unavumilia. Unga wa ngano haufai: ukiupitisha motoni mandazi hayaumuki tena kama zamani, nimelipia somo hilo kwa wateja waliorudisha ndazi zao. Na maharagwe ya mbegu usiyaguse na moto kabisa, hayataota.

Kati ya viwili hivyo, kwa chakula cha mtoto nachagua moto kila siku, hata kama makala yana bei. Kwa gunia zima moto ni mateso. Hapo subiri jua au usinunue gunia, na hilo nitalirudia.

Frigo ya shemeji

Shemeji anaweka unga kwenye frigo, sehemu ya kawaida, pale penye nyanya. Hapo anajidanganya. Baridi ya nyuzi tano au sita inamchelewesha utitiri, haimuui, na ndani ya frigo kuna unyevu wa kutosha. Ukitoa, anaamka.

Kinachoua ni sehemu ya barafu, nyuzi 18 chini ya sifuri, na si kwa usiku mmoja. Wiki nzima ndiyo ya uhakika, kwa sababu unga ni blanketi, katikati ya mfuko baridi inafika kwa kuchelewa. Gawanya kwenye mifuko ya kilo moja moja iliyofungwa vizuri. Halafu kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: anatoa mfuko, anaufungua papo hapo. Hewa ya jikoni inagusa unga wa barafu, inageuka matone, na umemwagia maji chakula ulichotaka kukikausha. Acha mfuko ukiwa umefungwa mpaka upate joto la chumba, hata kama ni saa sita, ndipo ufungue.

Na delestaji, ule mgao wa umeme? Umeme ukienda siku mbili, barafu inayeyuka na hesabu ya wiki inaanza upya. Anayeishi kwenye mtaa wenye umeme wa kueleweka, frigo ya barafu inashinda moto kwa unga wa ngano, kwa sababu haigusi ladha wala uumukaji. Wengine wetu tuseme tu ni njia nzuri ya watu wengine.

Bidoni

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu bidoni, lile dumu la plastiki, ndiyo inayosifiwa kuliko vyote na ndiyo iliyoniumiza kuliko vyote.

Wazo ni zuri. Chombo kisichopitisha hewa kinafanya mambo mawili. Kinazuia unyevu wa nje kuingia, na wadudu waliomo wanapumua oksijeni mpaka inapungua, wanakufa. Ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhi nafaka, PICS, inafanya hivyo hivyo: plastiki mbili nzito ndani, gunia la kawaida nje. Ilianzia Kameruni miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Bidoni ya lita 20 yenye kifuniko kizuri ni ndugu yake maskini. Kwa maharagwe na mahindi, dhidi ya fukusi, sijaona kinachoishinda kwa bei.

Lakini angalia masharti. Ijae mpaka shingoni. Bidoni yenye nusu ya maharagwe na nusu ya hewa imewapa fukusi akiba ya kupumua. Isifunguliwe kila siku. Ukichota kikombe kila jioni unaingiza hewa mpya kila jioni, na hapo bidoni imekuwa kopo kubwa tu. Kwa hiyo gawa: moja kubwa ya kufungwa, moja ndogo ya kuchota.

Sharti la tatu ndilo nililolivunja. Nilinunua unga wa mahindi sokoni Kadutu, alasiri ya mvua, kutoka kwenye beseni lililokuwa wazi tangu asubuhi, umerundikwa kama mlima. Kwa mkono ulionekana mkavu. Nikaufunga kwenye ndoo nzuri, kifuniko cha kubana, nikafurahi. Baada ya wiki tatu nilifungua nikakutana na harufu ya chumba kilichofungwa, mabonge pembeni, na vumbi lile lile la kutembea. Ndoo ilikuwa imefanya kazi yake barabara: haikuruhusu unyevu kutoka. Unga uliouteka ukiwa na majimaji, umeuwekea mvua ndani.

Kwa punje kuna kipimo ambacho wakulima wanakitumia na hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi hadi robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa (ianike au ikaange kwanza), funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, usifunge. Ikianguka yote chini, funga bila wasiwasi. Mahindi ya kukaa muda mrefu yanatakiwa yawe kwenye 13 au chini. Kwa unga kipimo hiki hakifai, chumvi inachanganyikana nao. Kwa unga shika tu ngumi: ukifungua kiganja na umbo la ngumi limebaki, upeleke juani au motoni kwanza.

Mengine ya bidoni ni madogo ila yanaangusha watu. Ile iliyobeba mafuta ioshwe kwa maji moto na sabuni, kisha ikauke siku kadhaa kichwa chini, si saa moja. Usiiegemeze kwenye ukuta wa nje, usiku ukuta unapoa na matone yanajikusanya upande huo, ndani. Usiiweke juu ya saruji tupu, weka ubao chini. Na usimimine unga mpya juu ya mabaki ya zamani. Hapo ndipo wengi tunawafuga, vizazi na vizazi.

Jivu, karafuu, majani

Mama mkwe ana haki kwa maharagwe. Jivu likichekechwa likawa laini linajaza nafasi kati ya punje, mdudu hawezi kutembea wala kukutana na mwenzake, na linamkwaruza ngozi akakauka. Ila liwe jingi kweli, karibu sawa na maharagwe yenyewe. Ile konzi moja ya kunyunyizia juu ni baraka, si dawa. Na mkwe wangu mwenyewe anakubali kwamba hakuna mtu anayetia jivu kwenye unga.

Karafuu, majani makavu na pilipili nzima vinafukuza baadhi ya wadudu wa kuruka kwa muda. Utitiri aliyeko ndani ya unga wenye maji hana mpango wa kuhama kwa sababu ya harufu. Nilijaribu karafuu. Nilipata utitiri wenye harufu ya pilau.

Vidonge

"Dada, mimi mwaka wa tatu natumia, tumekufa?" Hivyo ndivyo jirani alivyonijibu, na ni jibu gumu kulishinda kwa sababu hajafa.

Vile vidonge vya kijivu vinavyouzwa kwa ajili ya maghala ni fosfidi ya alumini. Vikigusana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaingia kwenye gunia, na pia inapita chini ya mlango na kwenye nyufa za mbao, inamfikia aliyelala chumba cha pili. Nyumba zetu nyingi ukuta ni mbao na dari ni turubai. Haina dawa ya kuitengua mwilini, hospitali inaweza tu kukusaidia mwili upambane. Imetengenezwa kwa maghala yanayofungwa, na watu wenye mafunzo na vifaa.

Tena kwa mdudu wetu haifai hata kwa kazi yenyewe: mayai ya utitiri yanaivumilia fosfini kuliko ya wadudu wengi, wakubwa wanakufa, mayai yanaangua, unarudi pale pale. Poda za ghalani nazo ziache kwenye unga. Hakuna namna ya kuziosha unga ukishakuwa bugali. Kati ya njia zote za leo hii ndiyo pekee ambayo sina upande wa pili wa kuisifia.

Gunia au kilo mbili mbili?

Napika mandazi, kwa hiyo gunia la ngano la kilo 25 lilikuwa heshima yangu. Kilo inashuka bei, hukosi unga asubuhi. Kwenye mvua nimeliacha.

Hesabu yake ni hii. Utitiri akiwa na joto na unyevu anaoutaka, kutoka yai hadi mzazi ni wiki mbili hadi nne, na jike mmoja anataga mayai kwa mamia. Unga wowote unaweza kuingia nyumbani na wachache. Ukiula ndani ya wiki mbili, wachache wanabaki wachache. Ukikaa miezi miwili, unaanza kutembea. Nikipima gunia nililotupa robo yake, ule unafuu wa bei ulikuwa umeshaliwa na wengine.

Kwa hiyo Septemba hadi Mei nanunua unga wa wiki mbili, si zaidi, na nanunua asubuhi, kwa muuzaji anayefunika beseni lake. Ikiwezekana nanunua mahindi au muhogo mkavu na kusagisha kidogo kidogo. Punje nzima ni ngome, unga ni mlango wazi. Kiangazi narudi kwenye gunia langu.

Karanga na ndagala wakavu nimewatenga kabisa na unga, rafu nyingine, kwa sababu ndio wanaoleta yule utitiri wa pili, wa vyakula vya mafuta. Na karanga au mahindi yenye ukungu siyaokoi kwa njia yoyote: sumu inayoachwa na ukungu haiondoki kwa kupikwa, na kumpa kuku ni kumuua polepole.

Je, unga wenye utitiri unalika? Tumeula wote bila kujua. Wachache hawadhuru watu wengi. Lakini mwenye pumu au mzio asijaribu, kuna watu waliovimba koo na kukosa pumzi baada ya kula vyakula vya unga uliojaa utitiri, na kupika hakukuwasaidia kwa sababu kinacholeta mzio kinavumilia moto. Anayeushika sana anaweza kuwashwa mikono. Unga wa kopo lile la Novemba niliufunga kwenye mfuko nikautupa mbali na nyumba. Rafu niliifuta kwa maji moto, kisha nikaiacha wazi siku mbili ikauke. Kufuta bila kukausha ni kuwawekea maji.

Limebaki la maharagwe, ambalo mkwe na mimi tulikutana katikati. Yule wa kijivu hutaga mayai huru kati ya punje, na kinda akianguliwa anahitaji karibu siku nzima ya kutoboa mahali pamoja, mgongo ukiegemea punje ya jirani. Ukiviringisha bidoni, punje zinahama, anapoteza tundu lake, anaanza upya mpaka nguvu inamwishia. Kwa hiyo hakuna jivu, hakuna kidonge. Bidoni imelala mlangoni, nusu tu, ili punje zipate nafasi ya kucheza, na asubuhi na jioni inapigwa mizunguko michache sakafuni. Kazi hiyo amepewa yule wa miaka sita. Anaipiga mateke. Nimemwacha.